Mvua ya Ugogo Huishia Wapi

Anayesema Dodoma ni jangwa hajawahi kuangalia kipimo cha mvua. Mji huu hupata wastani wa milimita 570 hivi kwa mwaka, na London hupata kama 600. Tofauti haiko kwenye jumla. Mvua ya London hugawanyika miezi yote kumi na miwili, chini ya jua hafifu. Ya Dodoma, takriban asilimia 80 hushuka kati ya Desemba na Machi, tena kwa vishindo vya saa moja au mbili, juu ya ardhi iliyokauka tangu Mei. Kwa hiyo swali la maana kuhusu uwanda huu wa kati wa Tanzania ni hili: mvua ikishanyesha, inakwenda wapi, na inabaki wapi? Anayeweza kulijibu akiwa amesimama shambani anajua pa kuchimba kisima, pa kujenga nyumba, pa kupanda uwele na pa kuwaachia ng'ombe.

Uwanda ni wa juu kuliko macho yanavyodhani. Dodoma mjini ni mita 1,120 hivi juu ya usawa wa bahari, Manyoni kama 1,240, Singida karibu 1,500, na vilima vya Irangi kule Kondoa vinapita hapo. Treni ya kutoka Dar es Salaam hufika Kilosa ikiwa bado chini ya mita 500, halafu hupanda kidogo kidogo kufuata bonde la Mkondoa hadi Gulwe, Igandu, Kikombo. Abiria anafika Dodoma hajauona mlima aliovushwa. Jikoni ndiko urefu huo unakojitokeza. Maji hapa huchemka kwenye nyuzi 96 na kidogo, na Singida kwenye 95. Maharage huchelewa kuiva kuliko Pwani, na kuongeza kuni hakusaidii, kwa sababu maji yakishatokota joto lake halipandi tena. Loweka maharage usiku kucha, au tumia sufuria ya presha.

Chini ya udongo kuna graniti na jamaa zake, miamba iliyoganda zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita. Kilimanjaro ukiulinganisha nayo ni wa juzi; haujafikisha hata miaka milioni tatu. Kwa muda wote huo ardhi hii imekwanguliwa, ikainuliwa, ikakwanguliwa tena, mpaka ikawa tambarare. Kilichobaki kimesimama ni majabali: Mlima wa Simba na Mlimwa pale mjini, na mawe yaliyopandana ya Singida. Majabali hayo hayakudondoka kutoka popote. Graniti ina nyufa zinazokatana, maji huzama kwenye nyufa hizo na kuozesha mwamba kutoka pembeni, chini kwa chini. Palipo na nyufa nyingi mwamba huoza wote. Palipo na nyufa chache hubaki kiini kizima cha mviringo, na udongo uliokizunguka ukishachukuliwa na maji, kiini hicho hujikuta juu ya ardhi, kikibanduka maganda kama kitunguu.

Inama chini ya jabali lolote la hapa uchukue konzi moja ya changarawe. Utaona aina tatu. Punje ngumu za kijivu zinazong'aa kama kioo ni kwarizi, na haziozi. Vipande vya rangi ya waridi, ambavyo vingine tayari vimepauka na vinamung'unyika ukivifinya, ni felspa, na hivyo ndivyo vinavyogeuka mfinyanzi. Vijani vyembamba vinavyometameta ni maika. Habari yote ya maji ya Dodoma imo katika konzi hiyo. Punje za kwarizi ni kubwa na nzito, kwa hiyo huishia katikati ya korongo na kuwa mchanga unaotunza maji. Mfinyanzi hubebwa mbali zaidi, hutulia mabondeni na kuwa mbuga nyeusi, na huko maji hukaa juu bila kuzama.

Nitalisema na la baridi, maana wageni hulishangaa. Julai, kima cha chini cha usiku huwa wastani wa nyuzi 13 au 14, na mchana joto hufika 26. Tofauti ya nyuzi 12 ndani ya siku moja inazidi mara mbili tofauti ya wastani kati ya mwezi wa baridi kabisa na mwezi wa joto kabisa, ambayo ni kama nyuzi 5. Kimo ni sababu mojawapo, lakini sababu kubwa ni ukavu. Anga haina mawingu, hewa haina mvuke wa kuzuia joto, na ardhi iliyopashwa mchana hulitoa lote kuelekea angani baada ya magharibi. Hewa iliyopoa ni nzito, kwa hiyo huteremka na kujikusanya mabondeni. Nyumba iliyojengwa kando ya korongo huamka na baridi kali kuliko ile iliyoko mita 30 juu yake mlimani, ingawa wengi wangetarajia kinyume. Bolivia na Tibet, kwenye nyanda za mita 3,800 na 4,500, ni jambo hilo hilo lililoongezwa ukali: hewa kavu, anga safi, mchana wa jua kali na usiku wa baridi ya kugandisha, na mabonde yasiyo na njia ya kutokea ambako maji hukaukia yakaacha chumvi. Dodoma haina barafu, lakini mabonde ya chumvi inayo.

Tembe ya Kigogo, yaani nyumba ya jadi ya Wagogo wa huku Ugogo, ilijengwa kwa hesabu ya hali hiyo. Kuta nene za miti na udongo huchelewa kupata joto na huchelewa kulipoteza, na paa bapa la udongo, lililo chini, halipingani na upepo. Udhaifu wake ni mvua ndefu. Paa likishapata nyufa za kiangazi, maji hupenya, miti ya juu hulemewa na udongo uliolowa, na chumba huanguka kuanzia katikati. Ndiyo maana kazi ya kuongeza udongo na kuushindilia hufanywa kabla ya mvua, na kungoja wingu la kwanza ni kuchelewa.

Upepo nao una asili yake. Kuanzia Mei kusi hutoka baharini likiwa na unyevu, lakini hukutana kwanza na Uluguru, Nguru, Ukaguru na Rubeho. Hulazimika kupanda, hupoa, na kumwaga maji yake upande wa mashariki. Sehemu za Uluguru zinazotazama bahari hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Likivuka na kushuka upande huu, hewa hubanwa, hupata joto na kukauka zaidi. Hufika Mpwapwa na Dodoma likiwa upepo mtupu, na Agosti hadi Oktoba hupeperusha vumbi na kunywa maji ya kila kidimbwi. Mvua hungoja kaskazi na ukanda wa mawingu unaofuata jua kuelekea kusini. Ukanda huo ukishapita kuelekea Zambia na kabla haujarudi, Februari huja kiangazi kidogo cha wiki mbili tatu. Mahindi yaliyopandwa katikati ya Desemba huwa yanatoa mbelewele wakati huo huo, na mahindi yakikosa maji siku hizo hayapati punje, hata mvua ya Machi iwe nzuri vipi. Uwele na mtama husimama, hukunja majani, hungoja, kisha huendelea. Ninaamini ushauri wowote wa kilimo unaoanza na mahindi Dodoma haujaitazama Februari.

Sasa mvua yenyewe.

Matone ya kwanza ya Desemba hushuka kwa nguvu kwenye udongo ulio wazi, mifugo imekwisha kumaliza mabua na kuukanyaga. Tone hupasua bonge la udongo, vumbi laini huziba vitundu, na ndani ya dakika chache juu hutandazwa utando mwembamba, milimita chache tu, usiopitisha maji. Chimba kwa kidole nusu saa baada ya mvua kubwa ya milimita 30 na mara nyingi utakuta sentimita tano za tope na chini yake vumbi kavu. Maji yote mengine yamekwenda. Ardhi ya Kongwa ilikuwa mfano mkali wa hili: mfinyanzi uliochanganyika na kwarizi, ambao ukikauka hukaza kama umechomwa. Mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 ulikumbana na udongo huo, kwarizi ikasaga majembe ya matrekta, karanga zikagoma kung'oka, mvua ikakosekana, na mwaka 1951 ukaachwa.

Dawa ya utando huo ni kuyasimamisha maji kabla hayajaanza kukimbia. Kuberega, yaani kufyeka, kuchoma na kupanda bila kulima, ni kazi nyepesi na huwahi mvua, lakini huacha utando ulivyo. Njia ninayoiamini zaidi kwa mashamba madogo ni mashimo ya Chololo, yaliyopewa jina la kijiji cha Dodoma yalikoanzia. Shimo lina upana wa sentimita 22 na kina cha 30. Kutoka shimo hadi shimo ni sentimita 60, mstari hadi mstari 90. Udongo unaotoka huwekwa upande wa chini wa mteremko uwe kingo, samadi huingia chini, udongo kidogo juu yake, na mbegu chache za uwele au mtama. Piga hesabu uone kwa nini yanafaa: shimo moja ni lita 11, ekari moja huingia mashimo kama 7,500, na ukiacha nusu ya kila shimo wazi unaweza kushika zaidi ya lita 40,000 kwa mpigo mmoja, sawa na milimita 10 za mvua kwenye ekari nzima kabla tone halijatoka shambani. Yanaharibika kwa njia mbili. Ya kwanza ni kumwaga udongo upande wa juu, ambapo mvua ya kwanza huurudisha shimoni. Ya pili ni kuyachimba mbugani, ambako maji hayazami na mizizi huoza. Kazi ni nzito, huo ni ukweli, lakini huchimbwa kiangazi ambapo nguvu kazi ipo, na mwaka wa pili hutumika yale yale.

Ardhi haifanani kutoka mlimani hadi bondeni, na mpangilio wake hujirudia kila kilima. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi Amani, Tanga, aliupa jina la katena mwaka 1935, na jina hilo sasa hutumika duniani kote. Karibu na jabali udongo ni mfupi, mwekundu, wenye kokoto. Katikati ya mteremko huwa na kina, ni tifutifu jekundu au la njano, na hapo ndipo zabibu za Dodoma hustawi. Chini zaidi huja mchanga wa kijivu wenye tabaka gumu nusu mita chini. Mwisho kabisa ni mbuga nyeusi. Miti huonyesha mipaka hiyo bila kuchimba: mibuyu hupenda mteremko unaopitisha maji, migunga husogea kuelekea mbugani.

Kwa anayenunua kiwanja, na siku hizi wanaonunua ni wengi tangu serikali ihamie, mpaka kati ya mteremko na mbuga ndio wa kuangalia kuliko hati yenyewe. Fanya hivi. Chimba sentimita 50, chukua udongo, toa mawe, lowanisha mpaka ushikane, uviringishe uwe uzi mnene kama penseli, kisha uukunje uwe pete. Ukikatika mapema, una kichanga. Ukikubali kuwa pete bila ufa, uko juu ya mfinyanzi, na wa mbugani kwa kawaida huwa ni ule unaovimba. Udongo huo ukilowa hupanuka, ukikauka hunywea, na nyufa za Oktoba huingiza kiganja na kushuka karibu mita moja. Msingi wa kawaida wa sentimita 60 hukaa ndani ya tabaka linalocheza. Mvua zikianza, udongo wa pembeni mwa nyumba hulowa kwanza, wa katikati hubaki mkavu, pembe huinuliwa, na ufa huanza kwenye kona ya dirisha kwenda juu kwa mshazari. Kuuziba kwa saruji ni kupoteza pesa. Mwaka unaofuata hurudi. Kama huna kiwanja kingine, chimba hadi mita 1.5, ondoa mfinyanzi, jaza moramu kwa matabaka ya sentimita 15 ukishindilia kila tabaka, weka mkanda wa zege wenye nondo chini na mwingine kwenye linta, zungushia nyumba kibaraza cha zege cha upana wa mita moja, na shimo la maji machafu liwe mbali. Gharama ya msingi hupanda sana. Mita mia chache juu ya mteremko ungejenga kwa msingi wa kawaida.

Maji yaliyoukimbia mteremko hukusanyika korongoni. Korongo la Dodoma hutiririka kwa saa au siku chache, kisha hubaki mchanga mweupe, na asiyejua hudhani limekauka. Mchanga mnene wa kwarizi una nafasi kati ya punje inayofikia kama theluthi moja ya ujazo wake, na maji unayoweza kuteka humo ni karibu robo ya ujazo wote wa mchanga. Mita moja ya ujazo ya mchanga uliojaa, basi, hukupa lita 250 hivi. Zaidi ya hayo, maji yakishashuka chini ya sentimita 60 hadi mita moja, jua halina tena njia ya kuyanyonya kwa kasi, mbu hawayapati, na hujichuja yenyewe.

Mahali pa kuchimba huchaguliwa, hapabahatishwi. Tembea kwenye korongo hadi uone mwamba unaolikatiza. Chimba upande wa juu wa mwamba huo, kwa sababu chini ya mchanga unafanya kazi ya ukuta. Mikuyu ikiwa kingoni, dalili ni njema. Kabla ya kushika koleo, pigilia nondo ya milimita 16 yenye urefu wa mita 3. Ikishuka kwa sauti ya kukwaruza, ni mchanga mnene. Ikishuka kimya na kutoka na tope, ni mfinyanzi, hama. Ikigota kabla ya mita moja, mchanga ni mfupi na maji hayatafika Septemba. Anza kwa upana wa mita 3 juu ili ukifika mita 1.5 ubaki na mita moja chini. Ukichimba wima, ukuta hubomoka mchanga ukishalowa, na watu wamefukiwa hivyo. Ukifika kwenye maji, zamisha pipa lisilo na kitako, lililotobolewa matundu pembeni, na ulizungushie kokoto. Teka maji ya kwanza yote uyamwage. Ya pili huja safi. Mifugo wachimbiwe cha kwao, upande wa chini, mita 30 au zaidi.

Anayetaka zaidi anaweza kujenga bwawa la mchanga, yaani ukuta wa mawe na saruji uliosimikwa hadi kwenye mwamba. Kosa la kawaida ni kuupandisha hadi kimo chote kwa mara moja. Maji hutulia nyuma yake, tope laini huzama kabla ya mchanga, na unaishia na tangi la matope lisilotoa maji. Ukuta hupandishwa sentimita 50 kwa msimu, ili mafuriko yapite kwa kasi juu yake, yabebe tope na kuacha mchanga mnene.

Hapa ndipo ninapoumia kuhusu ujenzi wa mji. Kila tripu ya mchanga ya mita 7 za ujazo inayotolewa korongoni huondoa nafasi ya kuhifadhi lita 1,750. Nyumba moja hutumia tripu kadhaa. Mchanga ukiisha hadi mwambani, kijiji kilichokuwa kinateka hadi Oktoba kinaanza kununua madumu Juni. Mchanga uchotwe kwenye vijito vidogo vya juu na sehemu zilizojaa kupita kiasi, na usiguswe mita mia kadhaa juu ya kila mwamba unaokatiza korongo.

Maji mengine huingia ndani ya mwamba wenyewe. Graniti isiyooza wala kupasuka haina maji hata tone. Yanakaa kwenye tabaka la juu lililooza na kwenye mipasuko. Ndiyo maana watu wawili huchimba wakiwa wameachana mita 50 tu, mmoja akapata maji na mwingine vumbi. Bonde la Makutupora, kaskazini ya mji, ndilo lililolisha Dodoma kwa miongo, kwa kuwa mipasuko ya Bonde la Ufa imeuvunja mwamba wake. Visima vya huko vingine hupita mita 100. Vipimo vya kina cha maji huko, vilivyochapishwa mwaka 2013, vilikuwa na kumbukumbu ya miaka 55, miongoni mwa ndefu kabisa katika nchi kame za tropiki, na vinaonyesha jambo zito: miaka mingi maji hushuka tu. Hupanda kwa ghafla katika misimu michache ya mvua kubwa mno, hasa miaka ya El Nino, na msimu wa 1997/98 ulijaza kuliko wowote katika kumbukumbu hiyo. Mvua ya wastani hulisha mimea na jua, na haifiki chini. Kwa hiyo mabomba ya mji yanategemea mafuriko yale yale yanayobomoa madaraja, na kusakafia bonde lile ni kuziba mdomo wake.

Yasiyozuiwa popote hukimbia kutoka uwandani. Upande wa mashariki hupita mto Kinyasungwe kuelekea Gulwe na Kilosa, yakibeba udongo wa Ugogo; Desemba 2009 na Januari 2010 mafuriko ya bonde hilo yalisomba reli ya kati. Kondoa ilishajifunza kwa uchungu. Makorongo ya vilima vya Irangi yalikuwa yamechimbika kiasi kwamba mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa kwenye eneo la kilomita za mraba 1,256. Wafugaji waliumia, na sipendi jambo hilo lisahauliwe. Lakini majani yalirudi.

Upande wa magharibi maji hayatoki. Mto Bubu hushuka kutoka Kondoa hadi Bahi, kwenye sakafu ya Bonde la Ufa iliyo mita 830 hivi, na mbele yake unasimama ukuta wa Kilimatinde. Kutoka Bahi hadi Manyoni ni kama mita 400 za kupanda, zile zinazochosha malori ya Saranda. Bonde la Bahi hujaa, hupandwa mpunga, huvuliwa samaki, kisha maji hukauka na chumvi yake hubaki. Kila kitu kilichoyeyuka kutoka kwenye graniti ya Kondoa hukusanyika hapo, hata urani, ambayo imetafutwa kwenye tope la Bahi na Manyoni.

Kwa nyumba moja moja, adui ni mvukizo. Maji yaliyo wazi hupoteza milimita 6 au 7 kwa siku kiangazi. Kwa siku 210, ni mita moja na robo hadi moja na nusu. Lambo la kina cha mita 1.5 hukauka lenyewe hata asipoteka mtu, kwa hiyo wenye nguvu ya kuchimba wachimbe lambo dogo la mita 4 kwenda chini kuliko pana la mita 2. Bora zaidi ni tangi lililofunikwa. Watu watano wakitumia lita 20 kila mmoja huhitaji lita 100 kwa siku, yaani 36,500 kwa mwaka. Paa la bati la mita za mraba 80, mvua ya milimita 570, ukipoteza sehemu moja ya tano, hutoa karibu kiasi hicho hicho. Tatizo huwa ni tangi: la lita 5,000 humaliza siku 50, wakati kiangazi ni siku 210 na huhitaji lita 21,000 zilizojaa mwisho wa Aprili. Mwaka wa milimita 400 paa hilo hutoa lita 25,600 tu, hivyo tangi lisiguswe kwa kufulia wakati korongo lina maji.

Nalo tangi hilo lina kazi nyingine. Visima virefu vya Singida na sehemu za Dodoma hutoa maji yenye floraidi iliyoyeyuka kutoka kwenye graniti, na kuchemsha hakuiondoi; huizidisha, kwa kuwa maji hupungua na floraidi hubaki. Kikomo ni miligramu 1.5 kwa lita. Meno ya watoto yakitoka na madoa ya kahawia, kisima kipimwe, na wakati majibu yanangojwa maji ya kunywa na ya kupikia yatoke kwenye bati. Kisima chenye miligramu 3, kikichanganywa nusu kwa nusu na maji ya mvua, hurudi kwenye 1.5.